Wezi wa Tarehe Mosi Januari

Mwaka 2017 nilimtengenezea tovuti mzee mmoja wa Kahama anayeuza vipuri vya makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Kwenye laptopu yangu, Shinyanga mjini, ilipendeza kama bi harusi: vitufe vyenye kona za mviringo, vivuli, picha za nyundo za karasha zimejipanga tatu tatu. Nikamtumia anwani, nikasubiri sifa.

Akapiga simu. "Kijana, umeniletea wezi."

"Wezi gani, mzee?"

"Kompyuta imesema. Nikiendelea, naibiwa."

Sisi watengeneza tovuti tuna mshukiwa wetu wa kudumu. Hata kabla ya kuuliza kama umeme upo, tunauliza: unatumia kivinjari gani? "Hicho cha herufi e ya bluu," akasema. Tumbo likanikata. Internet Explorer, toleo la 8, la 2009! Microsoft wenyewe walishaacha kulihudumia tangu Januari 2016. Kona za mviringo halizijui kabisa.

Kesho yake nikapanda basi la Kahama huku nikiitukana ile e njia nzima.

Kompyuta nikaikuta kaunta, imefunikwa kitambaa cha kufuma, vumbi limeingia hata katikati ya herufi za kibodi. Kwenye kona ya chini ya skrini: 1 Januari 2009.

"Mzee, hii tarehe?"

"Hiyo huwa siifuati. Umeme ukikatika, inarudi hapo hapo. Mimi natumia kalenda." Akanionyesha ukutani.

Tatizo lilikuwa betri ya ndani, ile inayotunza saa ya kompyuta umeme ukikatika. Tovuti huwa na cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha; cha kwangu kilitolewa 2017. Kwa kompyuta inayoishi 2009, hicho ni cheti cha kuzaliwa cha mtoto ambaye wazazi wake hawajaonana. Lazima ipige kelele za wezi. Ile e, safari hii, haikuwa na kosa, na iliniuma kukiri.

Nikaenda kwa fundi saa, nikanunua betri ya CR2032, ile bapa kama sarafu. Nikaichomeka, nikarekebisha tarehe. Wezi wakatoweka, ukurasa ukafunguka. Masikini bi harusi wangu! Menyu imeanguka chini, vitufe vimekuwa matofali, picha zimepanga foleni moja ndefu kama ndoo bombani.

Mzee akatikisa kichwa kwa furaha. "Sasa ndiyo imekaa. Kitu kimoja kimoja, unaona na bei."

Mchimbaji mmoja aliyekuja kununua nyundo akataka naye aione. Akaifungua kwa Opera Mini kwenye kisimu chake, picha amezizima ili bando lisiishe. Akashuka, akapanda, akashuka tena.

"Namba ya simu iko wapi?"

Nilikuwa nimeificha nyuma ya kitufe kinachofunguka kwa madaha. Kwake hakikufunguka kwa madaha wala kwa nguvu.

Nikaketi pale pale kaunta, nikaihamishia namba juu kabisa, kwa herufi kubwa. Nilipomaliza tu, umeme ukakatika. Uliporudi, sote watatu tukainamia kona ya chini ya skrini, kimya, kama watu wanaotafuta mwezi wa Idi.