Sifa za Mama wa Nyuzi

Maduka mazuri yana wasifiaji tele, na baadhi yao hulipwa. Mimi nataka kumsifu asiye na msifiaji: mama wa kiduka cha nyuzi za kufumia, kwenye uchochoro mmoja wa Kariakoo. Jina lake silitaji, maana nilipomuuliza hakunijibu.

Kwanza nisifu msimamo wake wa kisiasa. Nchi hii ilipata kuwa jamhuri Desemba 9, 1962, na mwaka uliofuata utawala wa machifu ukafutwa kwa sheria. Bado wafanyabiashara wetu wanatuimbia kwamba mteja ni mfalme. Mama huyu hajakubali kurudisha ufalme kwa mlango wa uani. Nilimwamkia, kimya. Baadaye sana ikaja "marahaba", macho yakiwa kwenye simu, na huenda ilikuwa ya mtoto wa kwenye tamthilia. Ilikuwa tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Wanaomwona mvivu hawajatazama lebo: nyuzi zake nyingi zatoka Uturuki, na mwenye duka makini hufuatilia mali yake inakotoka.

Nilikuwa nimebakiza mkono mmoja wa sweta la kichanga cha Njombe, ambako baridi ya Juni haina mzaha. Nilihitaji donge moja tu la bluu. Wafumaji wanaijua shida yenyewe. Lebo ya uzi huwa na namba mbili, moja ya rangi na nyingine ya mkupuo wa kutia rangi kiwandani. Kiwanda kikichovya mkupuo mwingine, bluu ya leo haiwi ile ya mwezi jana, ingawa namba ya rangi haikubadilika. Chini ya taa ya duka madonge hayo ni ndugu wa tumbo moja, juani yanakanana. Nikanyoosha mkono nisome.

"Usiguse, yatachafuka."

Basi nikamwomba anisomee yeye.

"Bluu si bluu?"

Watu wamepewa shahada za falsafa kwa swali jepesi kuliko hilo.

Ufundi huu wa kumpuuza mteja haukuzuka jana, una ukoo. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka ya watu binafsi, hasa vijijini, na biashara ikakabidhiwa maduka ya kijiji na ya ushirika. Miaka ya themanini ilipoanza, sabuni, sukari na khanga vilipatikana kwa foleni, tena kwa bahati. Muuzaji wa enzi hizo angecheka na mteja ili iweje? Aliyekuwa na sabuni hakuhitaji sura nzuri. Mwaka 1983 wakasakwa walanguzi na wahujumu uchumi. Mwaka 1984 masharti ya kuagiza bidhaa yakaanza kulegezwa, rafu zikajaa, na wauzaji mmoja mmoja wakaanza kubembeleza. Mama yetu hakuyumba. Ana rafu za leo na uso wa foleni. Makumbusho ya Taifa yanatunza fuvu la Zinjanthropus na magari ya viongozi, lakini hayana hata kitu kimoja cha kale kinachofanya kazi kila siku isipokuwa Jumapili.

Akaniambia uzi ni sufu halisi. Nyumbani nikachoma ncha yake. Sufu huungua kwa harufu ya nywele na kuacha majivu. Huu uliyeyuka, ukaganda kitone kigumu cheusi. Akriliki, kitukuu cha mafuta ya petroli. Lakini tuwe waadilifu: sufu ikifuliwa vibaya hunywea, na viwavi vya nondo huitafuna. Akriliki haina mambo hayo. Kwa hiyo alinidanganya kwa faida ya mtoto, jambo ambalo wakweli wengi hawajawahi kumfanyia mtoto yeyote.

Mashine ya risiti ilikuwa kwa fundi, ambako nahisi imepata ukaazi wa kudumu. Chenji ilitoka nusu fedha, nusu pini za nguo. Ukutani kibao kilisema mali ikishauzwa hairudishwi, maandishi makubwa, yenye huruma kwa wasioona vizuri.

Nikafuma usiku, nikamaliza. Asubuhi nikalitoa sweta kibarazani: kifua na mkono wa kushoto bluu moja, mkono wa kulia bluu yenye maoni yake. Nikarudi nalo Kariakoo. Sikwenda kudai kitu, kibao nilikuwa nimekisoma. Nililitandaza juu ya kaunta, mahali ambapo mwanga wa uchochoro unafika.

Kwa mara ya kwanza mama akaiweka simu chini. Akaupapasa mkono wa kulia, akaupapasa wa kushoto, akarudia wa kulia. Akanitazama kwa masikitiko ya kweli.

"Sasa wewe mwanangu," akasema, "unanunuaje uzi bila kusoma lebo?"