Nane au kumi? Darubini ya Nyeri, tukihesabu kurudi nyuma

Tanzania, ambako mtu bado anawinda kwa leseni, ubishi wa darubini ya bunduki haujaisha: mistari ya shabaha ikae mbele ya mtambo wa kukuza, au nyuma yake? Ikikaa mbele, inakua pamoja na picha ya mnyama, na vipimo vyake ni sahihi kwa kila ukuzaji. Lakini ukishusha ukuzaji kichakani jioni, inakonda hadi huioni. Ikikaa nyuma, unene wake haubadiliki, ila vipimo vinasema kweli kwa ukuzaji mmoja tu, mara nyingi ule wa juu kabisa.

Huku Nyeri ubishi huo hauna mnunuzi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Na hata kabla ya hapo tulikuwa na Jim Corbett, aliyesifika India kwa kuwaua chui milia wala watu, kisha akapenda kamera kuliko bunduki. Alihamia Nyeri mwaka 1947, na tangu 1955 amelala katika makaburi ya kanisa la St Peter's. Sisi tunabishania darubini ya macho mawili: 8x42 au 10x42? Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Mimi ni wa nane, na sababu ninazo. Watu wa kumi, njooni Chaka tubishane juu ya nyama choma, anayeshindwa analipa.

7. Uzito: sare

Zote mbili zina lenzi za milimita 42, na nyingi ziko kati ya gramu 600 na 800. Anayekuambia nane ni nyepesi anakuuzia maneno. Cha kununua ni mkanda wa mabegani, ule unaopita mgongoni. Ukipanda Mlima Kenya kutoka lango la Naro Moru hadi Met Station, mita 3,050, shingo yako itakushukuru kwa lugha ya mama.

6. Ile ya "mara mia" haingii mashindanoni

Unaijua: imeandikwa 20-100x50, lenzi nyekundu kama pipi, na sandukuni pana picha ya mwezi. Piga hesabu mwenyewe. Gawa 50 kwa 100, unapata nusu milimita ya mwanga kwa kila jicho. Kwa ukuzaji huo utakachokiona vizuri ni mapigo ya moyo wako.

5. Miwani, na ile pete ya kulia

Wazee wetu wengi wanavaa miwani, na wao ndio wenye subira ya kukaa saa tatu wakingoja ndovu. Kwa hiyo uliza umbali unaohitajika kati ya jicho na kioo: mvaa miwani anataka milimita 16 au zaidi. Darubini za nane mara nyingi hutoa nafasi hiyo kwa urahisi kuliko za kumi. Zungusha vikombe vya macho viingie ndani, usiivue miwani.

Halafu pete ya jicho la kulia. Wengi wanaishi na darubini miaka mingi bila kuigusa, wakidhani macho yao ndiyo mabovu. Chagua kitu kisichosogea, kwa mfano maandishi ya kibao cha barabarani. Ziba lenzi ya kulia, rekebisha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lisome sawasawa. Sasa ziba ya kushoto, usiguse gurudumu, zungusha ile pete mpaka la kulia nalo lisome. Kumbuka alama yake. Dakika mbili, na darubini ya bei ya kawaida inaweza kuishinda ya jirani aliyeuza ng'ombe.

4. Ndege hawangoji

Shukeni Mukurwe-ini, kwenye vichaka vya lantana kando ya mashamba ya kahawa. Humo yumo zogoyogo wa Hinde, ndege asiyepatikana nchi nyingine yoyote duniani ila Kenya. Wanatembea kwa vikundi vidogo, wanapiga kelele, na wanaingia kichakani kabla hujamaliza kusema "yule pale". Nane huonyesha eneo la mita kama 130 kwa umbali wa mita 1,000. Kumi huonyesha kama 110. Ukiwa karibu na kichaka, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama umemwona zogoyogo au umeona tawi lililotikisika. Tawi halimo kwenye orodha ya ndege.

3. Mkono wa mtu aliyepanda mlima

Darubini hukuza mnyama, na hukuza tetemeko kwa kiasi hicho hicho. Ukiwa umetulia kwenye kiti, kumi inashikika. Ukiwa umefika juu huku unahema, upepo unakusukuma na vidole vimekufa ganzi, ukataka kumtazama chozi mwenye mkia mrefu akinyonya maua ya lobelia, utaona mstari wa kijani ukicheza. Bana viwiko kifuani, egemea jiwe. Kwenye gari, zima injini kwanza. Dereva wa matatu aliyekukodishia gari atakuelewa.

2. Hapa watu wa kumi wana haki yao

Siwezi kuwanyima. Toka msituni uende hifadhi ya Solio, au ya Ol Pejeta wanakoishi Najin na Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wawili tu waliobaki duniani. Nyanda ziko wazi, jua limejaa, na kifaru hana haraka. Kutofautisha kutoka mbali mdomo mpana wa kifaru mweupe na mdomo uliochongoka wa kifaru mweusi ni kazi ya kumi. Tandika mfuko wa maharagwe kwenye dirisha la gari, laza darubini hapo, na tetemeko limekwisha. Mkazi wa Nanyuki anayetaka kuusoma uso wa kilele cha Batian asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika, naye achukue kumi na baraka zangu.

1. Mwanga wa jioni, Aberdare

Nyeri iko karibu nusu digrii kusini mwa ikweta. Jua likizama, giza linaingia kwa haraka, kama dakika ishirini hivi. Na hiyo ndiyo saa ya wenye msitu. Huku ndiko Eric Sherbrooke Walker alikojenga Treetops, hoteli ya kutazamia wanyama, juu ya mti mwaka 1932. Wapiganaji wa Mau Mau waliichoma mwaka 1954, ikajengwa upya, na mpaka leo watu huja Aberdare kutazama maji na chumvi jioni inapoingia. Nyati wanafika, nguruwe-mwitu wakubwa weusi wanafika, na mwenye bahati ya pekee anamwona bongo wa mlimani. Porini wamebaki chini ya 100. Rangi yake ni ya kahawia nyekundu yenye mistari myeupe, na kwenye kivuli cha mianzi anapotea mzima mzima.

Gawa 42 kwa 8: milimita 5.25. Gawa 42 kwa 10: milimita 4.2. Huo ndio upana wa mwanga unaoingia jichoni, na ukipima eneo, nane inakupa zaidi kwa nusu na ushei. Mchana huoni tofauti, kwa sababu mboni yenyewe imejibana hadi milimita mbili au tatu. Jioni mboni inafunguka na kudai haki yake. Kwa mwenye umri mkubwa huenda isizidi tano, kwa hiyo mzee wangu, ile 7x50 ya mabaharia inakubebesha mwanga usioutumia.

Ipime kabla ya kulipa. Ishike kwa urefu wa mkono kuelekea dirishani, utaona viduara viwili vya mwanga kwenye vioo vya macho. Viwe mviringo kamili. Vikikatwa pembe na kivuli, prizimu ni za bei rahisi na jioni zitakuangusha. Na nenda dukani saa kumi na mbili jioni, si adhuhuri. Omba kutoka nayo mlangoni, uitazame pembe yenye giza kuliko zote mtaani. Muuzaji akikataa, mwambie asante, duka la pili liko jirani.