Barua ya Wazi kwa FIA: Pongezi kwa Kuiratibu Ovateki

Kwa:
Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA),
Place de la Concorde,
Paris.

YAH: PONGEZI KWA KUIRATIBU OVATEKI

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa heshima na taadhima nawapongeza kwa kazi mliyoifanya kwenye Formula 1. Kuovateki, jambo ambalo dereva wa zamani alilifanya kwa kujitoa mhanga na bila kumuuliza mtu, sasa ni huduma inayotolewa na ofisi: ina eneo lake, kitufe chake na masharti yake. Ustaarabu ndio huo.

Watovu wa shukrani wamesahau tulikotoka. Novemba 2010, Abu Dhabi, Fernando Alonso aliingia mbio za mwisho akiongoza msimamo. Nafasi ya nne ingemtosha kuwa bingwa. Ferrari wakamwita mapema kubadili tairi, akarudi barabarani nyuma ya Vitaly Petrov na Renault yake. Akakaa hapo mizunguko kama 40. Wakiingia kona, Alonso yuko mgongoni mwake. Wakiwa ndani ya kona, hewa iliyovurugwa na gari la mbele haimshikishi tena chini, pua inateleza, anachelewa kukanyaga mafuta, na Petrov huyooo! Alonso alimaliza wa saba, Sebastian Vettel akachukua ubingwa kwa tofauti ya pointi 4. Bendera ilipokwisha kupepea, Alonso alimsogelea Petrov na kumrushia mkono kwa hasira. Hapo kupita hakukuwa na faida tena.

Lakini ninyi mlikuwa mmeshajipanga. Msimu huohuo McLaren walikuwa wametoboa tundu kwenye gari lao ambalo dereva analiziba kwa goti kwenye barabara nyoofu. Hewa inabadili njia, bawa la nyuma linaacha kulizuia gari, kasi inapanda. Goti la mtu! Bila fomu, bila muhuri! Mkalipiga marufuku, na mwaka 2011 mkaleta lenu linalofanya kazi ileile, DRS. Bawa lilifunguka kwa kitufe, ila kwenye maeneo mliyochora tu, na kwa yule tu aliyepimwa akakutwa nyuma ya mwenzake kwa chini ya sekunde moja. Aliye mbele, ambaye hakuwa na gari la kufukuzia, alibaki bawa limefungwa, akitazama kwenye kioo anavyopitwa. Una sekunde moja nukta mbili? Rudi mzunguko ujao.

Kwenye injini nako hamkulala. Nakiri hata enzi za zamani za injini za turbo kanuni zilikuwepo. Mwaka 1985 gari lilipewa lita 220 kwa mbio nzima, hakuna kuongeza njiani. Pale Imola, Ayrton Senna alikuwa anaongoza zikiwa zimebaki dakika chache, tangi likakauka. Stefan Johansson akarithi uongozi, naye akakaukiwa. Sheria ilikuwa kali, lakini ilimwachia mtu nafasi ya kukosea mwenyewe: achome mafuta lini, abane lini, ampite nani.

Uzembe huo mmeukomesha. Injini za V6 za lita 1.6 zilipoanza mwaka 2014, mliweka mita ya kupima mafuta yanavyotiririka: kilo 100 kwa saa, basi. Mbio za kwanza tu, Melbourne, Daniel Ricciardo akashika nafasi ya pili mbele ya watu wa nchi yake, akapanda jukwaani, akamwaga shampeni, na kabla usiku haujaisha mkamfuta kwa ajili ya mita. Mwaka 2020 mlipomaliza kuichunguza injini ya Ferrari, mlitangaza kwamba mmefikia makubaliano na kwamba yaliyomo ni siri. Timu saba zikalalamika hadharani. Mimi sikuona tatizo. Kanuni ni za umma, majibu ni ya ndani ya familia.

Kisha kuanzia 2022 hadi mwisho wa 2025 mkagandisha injini zisiendelezwe. Gharama zilikuwa zinatisha, hilo nakubali. Ila ukishawapa watu nguvu zinazokaribiana na kuzifungia kabatini, anayetaka kumpita mwenzake anabaki na nini? Anabaki na ninyi.

Ndiyo maana kanuni zenu za 2026 nimezisoma kwa mahaba. Mota ya umeme imepanda kutoka kilowati 120 hadi 350, karibu nusu ya nguvu zote za gari. DRS imestaafu, mabawa yanafunguka kwa kila mtu. Na ovateki? Gari likipita kilomita 290 kwa saa, umeme unaanza kupunguzwa, isipokuwa kwa aliye nyuma, anayeachiwa wote hadi 337. Nyuma kwa kiasi gani? Chini ya sekunde moja. Injini mmebadilisha, mafuta mmebadilisha, mabawa mmebadilisha, sekunde haikuguswa.

Wapo wanaong'ang'ania kwamba tatizo ni magari yenyewe. Mwaka 2010 uzito wa chini kabisa, dereva akiwemo, ulikuwa kilo 620. Mwaka 2022 ulikuwa 798. Monaco haikunenepa. Mwaka 2024 madereva 10 wa kwanza walimaliza pale kwa mpangilio uleule walioanza nao. Mwaka uliofuata mkamlazimisha kila dereva atumie seti tatu za tairi. Timu zikajibu kwa kumwamuru dereva mmoja ajikokote na kuziba njia, ili mwenzake apate muda wa kubadili tairi. George Russell, akiwa amechoka kuufuata mgongo wa Alexander Albon, akakata kona makusudi akapita. Siku nzima mtu mmoja anaovateki kwa moyo wake wote, mkampa adhabu!

Ombi langu ni dogo. Desemba 2024 mlifanya mkutano mkuu Kigali, na Rwanda ikatangaza kwamba inataka kuandaa mbio. Zikija, tafadhali tumeni maofisa mapema kuelimisha umma. Watu wa huku tumezoea kuona gari likipitwa kwa sababu dereva wa nyuma ana haraka. Hatutaelewa tukiambiwa mtu ana haraka, ana nafasi na ana nguvu, ila hajatimiza masharti.

Wenu mtiifu,
Mtazamaji wa sebuleni

Nakala:
Fernando Alonso, kwa taarifa.
Vitaly Petrov, kwa utekelezaji.