Jinsi ya Kumfundisha Mtoto wa Mombasa Wadudu Bila Kununua Hata Chati Moja

Mwalimu, kwanza ibandue ile chati ukutani. Panzi aliyechorwa pale hajaruka tangu alipotundikwa, na mtoto wa Mji wa Kale hana haja na panzi asiyeruka. Umepangiwa kazi katika kisiwa ambacho wadudu huja darasani wenyewe, hawadai karo wala sare. Wewe kazi yako ni kuwapokea.

Vifaa ni hivi: chupa ya jemu iliyooshwa, kipande cha chandarua kikuukuu cha kufunikia, mpira wa kukifungia, lenzi moja ya kukuzia na daftari. Sabuni ya kunawia mikono ni lazima. Vikipatikana, anza.

Hatua ya 1: Simama mlangoni uhesabu miguu

Sheria ya kuingia darasani ni miguu 6, jozi moja ya vipapasio, na mwili wa sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Buibui na nge watafika na miguu 8, tena bila vipapasio. Warudishe kwa heshima, na nge usimguse. Tandu naye arudi, kwa haraka zaidi.

Jongoo atakuja na miguu isiyohesabika kabla kengele haijalia. Huyu msindikize, maana ana sifa zake. Kule Bamburi, René Haller alipoanza kuotesha miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji mwaka 1971, majongoo ndio waliotafuna majani makavu ya mivinje yakageuka udongo. Hata hivyo, sheria ni sheria: miguu 6.

Hatua ya 2: Mkaribishe mende

Watoto watapiga kelele. Waache wapige mpaka waishiwe pumzi, kisha iweke chupa mezani. Ukitaka mende atulie, mtie pamoja na chupa yake kwenye friji kwa dakika chache, ila omba ruhusa ya mwenye friji mapema.

Sasa waambie wasogee. Kichwa chake kimeinamia chini ya ngao pana, ndiyo maana ukimtazama kwa juu hukioni vizuri. Miguu yote 6 imeshika kifuani, na mbawa pia zinaanzia kifuani. Tumboni hakuna mguu hata mmoja. Kuna pingili, na ubavuni mwa pingili hizo mna vitundu vya kupumulia. Mende havuti pumzi kwa mdomo.

Mwisho kabisa, waonyeshe vijimkia viwili vya nyuma. Vina vinyweleo vyembamba vinavyohisi upepo ukisukumwa. Kandambili ikianza tu kushuka, upepo wake umeshamfikia, na yeye yuko chini ya kabati. Mtoto aliyewahi kumkosa mende mara tatu mfululizo atalielewa somo hili papo hapo.

Ukibahatika kupata jike aliyebeba kifuko cha mayai nyuma yake, umepata somo la pili bure. Ndani ya kifuko mna mayai kama 15. Watoto wanaotoka wanafanana na wazazi wao, ila ni wadogo na hawana mbawa. Hukua kwa kujivua ngozi mara nyingi, na yule mende mweupe anayewatia watu hofu usiku ni huyu huyu aliyetoka kujivua. Baada ya muda rangi yake hurudi.

Hatua ya 3: Kodi mdimu wa jirani

Mende hukua bila kubadilika umbo. Kumwona anayebadilika kabisa, tafuta mdimu au mlimau, hata uliopandwa ndani ya debe juu ya dari. Kagua majani machanga. Ukiona kitu mfano wa kinyesi cha ndege, usikipanguse: huyo ni kiwavi mchanga wa kipepeo anayeitwa Papilio demodocus, na kujifananisha na uchafu ndiyo kinga yake. Akikua anakuwa kijani.

Mguse kisogoni kwa ncha ya jani la ukoka. Pembe mbili za rangi ya chungwa zitachomoza na harufu kali itasambaa. Kila mtoto atataka kujaribu. Ruhusu mara mbili tu. Kiwavi naye ana shughuli zake.

Shughuli yake ni kula. Siku moja ataacha, atajifunga kwenye kijiti kwa uzi wake mwenyewe, na atakuwa pupa. Humo ndani mwili wa kiwavi unavunjwa na mwingine unajengwa. Anayetoka hatafuni majani tena, ananyonya maji matamu ya maua. Hapa uwaulize watoto faida yake, na uwape muda wa kufikiri: mzazi na mwana hawagombanii chakula.

Hatua ya 4: Toka nje na ukoo mzima

Anzieni Fort Jesus, ngome waliyoijenga Wareno kati ya 1593 na 1596, mshike Ndia Kuu kuelekea Bandari ya Kale. Kila mtoto aandike ukoo anaoukuta.

Kwenye soko la samaki mtakuta nzi. Wana mbawa mbili tu. Jozi ya nyuma imebaki vifundo vidogo vya kuwapa mizani wakiruka. Mbu ni wa ukoo huo huo. Miembeni mtakuta chungu waitwao maji moto wakishona majani: wakubwa huyavuta pamoja, na buu wao hushikwa mdomoni ili atoe uzi wa kuyaunganisha. Jamaa zao ni nyuki na nyigu. Kwenye boriti kuukuu mtakuta mchwa, na hapa mtaanzisha ubishi, kwa sababu mchwa si ndugu wa chungu hata kidogo. Ndugu yake ni mende.

Rudini kupitia Marikiti, mnunue kunde zenye vitundu. Anayetoka humo ni mbawakawa mdogo, na mbawa zake za mbele ni ngumu, zimefunika zile za kurukia. Huu ndio ukoo mkubwa kuliko zote: kati ya aina zaidi ya milioni 1 za wadudu waliopewa majina, karibu 400,000 ni mbawakawa.

Hatua ya 5: Kaskazi ikianza, angalieni juu

Watoto wa Mombasa wanajua kwamba majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Waambie kuna wasafiri wengine. Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson alieleza jinsi makundi ya kerengende yanavyofika Maldivi kila mwaka kutoka upande wa India, ingawa visiwa hivyo havina maji ya kutosha ya kuwazalia. Alihitimisha kwamba wanabebwa na pepo hizo kuvuka bahari hadi Afrika Mashariki, mvua zinapotandaza madimbwi. Kerengende anayetua kwenye kamba ya nguo anastahili kukaribishwa kama mgeni.

Hatua ya 6: Mtihani ufanyikie nyumbani

Dengi iliwaangusha watu wengi Mombasa mwaka 2013, na chikungunya ikaja mwishoni mwa 2017. Zote mbili zilisambazwa na mbu wa mistari myeupe, Aedes aegypti, anayeuma mchana na kuzaa katika maji tuliyoyahifadhi wenyewe kwa sababu bomba halitoki kila siku.

Mpe mwanafunzi chupa, akachote maji ya pipa. Aonyeshe viluwiluwi wanaoning'inia kichwa chini, wakipumua kwa kijibomba cha mkiani. Aonyeshe pupa aliyejikunja, asiyekula ila anaogelea. Chupa ifunikwe kwa chandarua, na maji yamwagwe juani mbu hawajatoka. Kisha aeleze kwa nini kumwaga peke yake hakutoshi: mayai hugandishwa ukutani mwa pipa juu ya maji, na huweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri. Katika joto letu, kutoka yai hadi mbu mwenye mbawa huchukua siku 10 hivi. Kwa hiyo pipa lisuguliwe kila wiki na lifunikwe.

Alama za mtihani huu anazitoa bibi mwenye pipa. Akiridhika na maelezo akashika brashi, mwanafunzi amepata 100, na Jumatatu yuko tayari kwa somo la nyuki.