Megaohm Moja Iliyogeuka Waya

Mosfeti za inverta hazina tabia ya kufa peke yake; moja ikilipuka huondoka na mwenzake. Ndiyo maana fundi mmoja kijana aliamua safari hii aunguze kwanza za kwenye kompyuta, ndani ya LTspice, programu ya bure ya kuiga saketi. Tatizo: IR2110, chipu ya kuendesha mageti ya juu na ya chini, haikuwamo kwenye orodha. Akaiunda mwenyewe.

Kazi ni faili la maandishi linaloeleza tabia ya chipu, pamoja na mchoro wa kisanduku chenye miguu. Fundi aliipa miguu ya mchoro mpangilio wa chipu halisi, ambako mguu wa 1 ni LO, yaani tokeo la chini. Faili lake lilianza na HIN, ingizo la juu. LTspice haijali majina. Wa kwanza huunganishwa na wa kwanza. Geti la chini likaangukia kwenye ingizo la juu, na programu haikuguna.

Aliporekebisha hilo, likaja la M. Kati ya mguu wa VS, yaani rejeo la upande wa juu, na ardhi aliweka rezista ya megaohm 1 ili hesabu zisikwame, akaandika "1M", kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angeandika. Lakini kwa SPICE, mzizi wa LTspice, iliyozaliwa Berkeley, California, mwanzoni mwa miaka ya 1970, herufi kubwa na ndogo ni mamoja: M ni mili, mega ni MEG. Rezista ikawa kipande cha waya. Mosfeti zake zilikuwa swichi za miliohm 10, na volti zilikuwa 325, kilele cha umeme wa volti 230. Grafu ikaonyesha karibu ampea 30,000, bila moshi wala fyuzi. (Anayecheka aandike kapasita ya "1F"; atapewa femtofaradi.)

Akaweka MEG. Swichi ya juu, iliyokuwa ikiwaka vizuri enzi za kosa, ikagoma!

Kumbe kapasita ya bootstrap, inayolisha geti la juu na ambayo aliianzisha ikiwa tupu, hujaa pale VS inapovutwa ardhini. Hiyo ni kazi ya swichi ya chini, ambayo hakuwa ameiwasha hata mara moja. Ule waya wa bahati mbaya ndio uliokuwa ukimfanyia kazi hiyo. Akaipa LIN, ingizo la chini, mipigo ya kupishana na HIN, na geti la juu likafika karibu volti 340.

Ukabaki ucheleweshaji wa nanosekunde 120 wa chipu. Akaandika "120N" kwa herufi kubwa, akakunja mikono kusubiri balaa. Ikakubali.