Jinsi ya Kubeba Chuma Bukavu Bila Kupata Nguvu

Umeamua kubeba chuma ili umrukie beki kwenye kona na kumwacha nyuma kila anayekukimbiza. Hongera. Ukifuata mwongozo huu kwa uaminifu, msimu utakapoanza tutakuona benchi, Stade de la Concorde pale Kadutu, ukiwa na mikono minene na shati linalobana.

Kwanza, chuma chenyewe. Katika nyua nyingi ni bomba lililochomekwa kwenye makopo mawili ya rangi yaliyojazwa saruji. Usiyapime. Kopo la kushoto likizidi la kulia kwa kilo tatu, mgongo utajua wenyewe. Sahani za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, ili mtu akute chuma usawa wa miundi. Kopo lako ni dogo, kwa hiyo inama mpaka chini kama anayetafuta sarafu kwenye matope, na upinde mgongo vizuri.

Pili, dharau kila zoezi lililopunguzwa. Olimpiki wanashindana kwa arashe, yaani kupeleka chuma juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, na epole-jete, ambapo chuma hutua mabegani kwanza. Kocha atakuambia uanze chuma kikiwa tayari juu kidogo ya magoti. Hapo udogo wa kopo hauna madhara, na nyonga zinajifunza kufunguka kwa ghafla, jambo lile lile unalolihitaji ukiruka. Atakuambia pia kwamba bomba lililogandia kwenye saruji halizunguki, kwa hiyo ukilidaka mabegani linasokota vifundo vya mikono. Bora uvute kwa kasi mpaka nyonga, magoti na vifundo vya miguu vinyooke, kisha ulishushe. Mwonee huruma kocha huyo. Wewe lidake.

Tatu, ongeza uzito mpaka chuma kitambae. Uwezo wa mlipuko ni nguvu mara kasi, na katika epole, yaani ile sehemu ya kufikisha chuma mabegani, wengi huufikia kwenye asilimia 70 hadi 80 hivi ya uzito wanaouweza mara moja tu. Lakini asilimia haipigi makofi. Wanaopiga makofi ni vijana waliokaa ukutani, nao wanajua neno moja: “Ongeza, mukubwa!”

Nne, rudia mara ishirini bila kupumzika. Wajuzi huvuta mara mbili au tatu, wakakaa dakika mbili tatu, ili kila mvuto uwe na kasi ya ule wa kwanza. Wewe tafuta jasho. Ukihitaji ushahidi, wataje wabebaji wanaopandisha magunia ya unga kwenye miteremko ya mji huu. Wana nguvu ambazo hakuna jimu iliyowapa, na heshima yao haina mjadala. Ila mzigo wao unafundisha kuvumilia, na mpira wa kona hauvumiliwi, unarukiwa.

Tano, miguu usiiguse. Kuchuchumaa huku chuma kimekaa mbele ya mabega kunajenga mapaja na kuunyoosha mgongo, lakini picha ya Jumapili kando ya ziwa huishia kiunoni.

Sita, mvua za Septemba zikianza, usihame. Simama pale pale uwanja unapoteremka, umevaa kandambili, chuma kikiwa juu ya kichwa. Majirani wakikimbiza watoto ndani, jua wameshaelewa.

Ukishindwa kutimiza yote haya, itakubidi uwe mwanamichezo. Basi pima makopo, tafuta sakafu kavu iliyo sawa, anzia juu ya magoti, vuta kwa kasi, pumzika, kisha chuchumaa. Na kocha akikuambia, “Punguza, kijana,” punguza.