Yah: Ombi la Kupatiwa Mpaka

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa kamati, vikosi kazi na semina zote za ushirikiano wa kuvuka mipaka kuhusu taka zenye sumu na ardhi iliyochafuliwa,
Popote mlipo, hotelini.

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wa vijiji vya machimbo mkoani Singida, kuanzia Sekenke hadi Sambaru na Londoni, hatujambo, kwa mujibu wa vipimo ambavyo hatujawahi kupimwa. Tunaandika kuhusu ile fomu yenu. Kila mradi unapokuja na kila tunapoomba kushirikishwa, inatutaka tujaze jina la mpaka wa nchi ulio karibu nasi. Tunajaza "hakuna". Jibu linarudi kwa upole mwingi: mradi huu ni wa maeneo ya mipakani, mtafikiriwa awamu ijayo.

Basi tumekaa kikao, tukaona kosa ni letu. Tumepakana na Tabora, Dodoma, Manyara, Simiyu na ndugu wengine, Watanzania watupu, hakuna hata mmoja awezaye kutupatia hadhi ya kuchafuliwa kimataifa. Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, tunaomba mpaka.

Usiwe mkubwa. Mahali tumeshauchagulia: Shelui, pale unapomaliza kuteremka mlima Sekenke, kabla hujaingia mbuga ya Wembere. Boriti moja ya kunyanyua na kushusha inatosha, iwe na rangi nyeupe na nyekundu. Tutahitaji afisa mmoja mwenye muhuri uliokauka wino, vijana wa kubadilisha fedha wanaoongea kwa kunong'ona, na bodaboda wawili watatu wa kuzungukia nyuma, maana mpaka usio na njia ya panya haujakamilika. Foleni ya malori msihangaike nayo; ya Rwanda na Kongo yanapita hapo usiku na mchana. Nchi ya kigeni tunapendekeza iwe Tabora. Wana uzoefu. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, Wajerumani walifyatua pale Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, na dhahabu yenyewe ilitoka Sekenke, kwetu. Watu waliokwisha kuwa na fedha yao wanashindwaje kuwa nchi ya kigeni kwa wiki moja ya semina? Dhahabu ilivuka, mashimo yakabaki, na chenji hatujaiona hadi leo. Mpaka ukifunguliwa, zebaki ya kunasia dhahabu itakayotoka upande wa Nzega, huko Tabora, itakuwa imevuka mpaka kweli kweli, nasi tutakuwa tumechafuliwa kwa utaratibu unaokubalika kwa wafadhili.

Tunasema hivyo kwa sababu Tanzania haichimbi zebaki. Tone lolote mnaloliona kwenye karai la mchimbaji limevuka mpaka mahali fulani. Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 uliifungia Afrika mlango dhidi ya taka zenye sumu, baada ya zile za Italia kukutwa Koko, Nigeria, mwaka 1988. Tunashukuru. Ila zebaki haiji kama taka. Inaingia kama bidhaa, imetulia kwenye kichupa, na inageuka taka ikishamwagwa kwenye udongo wetu, ambako hakuna afisa forodha. Machi 2022, kule Bali, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikutana, likatolewa azimio dhidi ya biashara haramu ya zebaki. Azimio zuri. Muuzaji wetu hajapata nakala.

Mkataba huo wa Minamata Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Umetaja vitendo vibaya vya kukomeshwa: kuchomea wazi dhahabu iliyoshikwa na zebaki, kuichomea kwenye makazi ya watu, na kumwagia sianidi marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu, ambayo bado yana zebaki. Nani kati yenu amewahi kusimama juu ya rundo la marudio? Mama anakanda mchanga na zebaki kwa mikono mitupu, mtoto yuko mgongoni. Jioni kidonge cha dhahabu na zebaki kinachomwa kwenye jiko la ugali, na mvuke wake hauna harufu, kwa hiyo hakuna anayekohoa wala kukimbia. Marudio yanauzwa, yanapakiwa kwenye lori, yanamwagiwa sianidi, na zebaki iliyokuwa imelala inapata miguu ya kuufuata mkondo wa maji. Haya yote mnayajua! Yamo kwenye slaidi zenu. Picha ya yule mama mmeichapisha kwenye bango, na hakuna aliyemuuliza jina wala kumpima mkojo. Halafu mnatuita wadau. Wadau wa kusaini mahudhurio. Wadau wa kuvaa fulana ya mradi uliokufa, tukiwa tumesimama juu ya sumu ambayo mradi ulikuja kuihesabu na haukumaliza kuhesabu.

Samahani, Waheshimiwa. Turejee kwenye maombi.

Tunaomba ritoti moja ya chuma, kile chombo cha kunasa mvuke wa zebaki, badala ya picha ya ritoti. Tunaomba fulana za saizi ya watoto wachanga, kwani nao wanashiriki. Ziara ya mafunzo ikiwa ni lazima, ije Sekenke, lami ipo hadi Shelui. Udongo upimwe kabla ya chai ya saa nne, maana baada ya chai huwa mnaagana.

Mpaka ukishindikana kabisa, tuko tayari kuazima. Namanga wanao mrefu. Mita chache tu zingetutosha. Tutaurudisha mradi ukifungwa, yaani bajeti ikiisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mdau

Nakala:
Mkoa wa Tabora – kwa taarifa, na maandalizi ya bendera.